Washonaji wa Mshtarii

Shangazi yangu husuka ukili kila jioni, ule mkanda mwembamba wa miyaa usioonekana kuwa na mwisho, pima kwa pima, akiongea na majirani huku vidole vikienda vyenyewe. Ukimwangalia utadhani anasuka mkeka, lakini mkeka haujazaliwa bado. Huzaliwa siku ya kushona, ukili unapopangwa ubavu kwa ubavu na sindano ikapita katikati. Mjuzi akiletewa mkeka uliokwisha hasifii rangi kwanza. Anaupindua, anapitisha kidole kwenye mshono.

Kidole hicho nilikikumbuka mbele ya kompyuta, saa saba usiku, nikiwa na picha ya Mshtarii iliyonishinda.

Kusema kweli haikuwa picha. Faili niliyopakua ilikuwa ngazi ndefu ya vipande vya kijivu, kila kimoja upana wa pikseli 1648 na kimo cha pikseli 128, kimoja juu ya kingine: cha bluu, cha kijani, chekundu, halafu tena bluu, kijani, chekundu, mpaka chini kabisa. Bluu na kijani ni majina tu, kwani kwa macho vyote ni majivu. Katika kimoja unaona sehemu ya ukingo wa sayari, umepinda kama kigae cha mtungi uliovunjika. Katika kinachofuata kigae kilekile kimesogea kidogo. Aliyezoea picha za Mshtarii zinazopambwa kwenye magazeti, zile zenye mawimbi ya zambarau na maziwa, akiona faili hii atadhani ametumiwa kitu kilichoharibika njiani.

Haikuharibika. Chombo cha Juno, kilichorushwa kutoka Cape Canaveral tarehe 5 Agosti 2011 na kufika kwenye Mshtarii Julai 2016, hujizungusha kama pia, takriban mara mbili kwa dakika. Kujizungusha huko ndiko kunakokifanya kitulie safarini, lakini kwa mpiga picha ni balaa. Waliounda kamera yake, JunoCam, hawakupigana na mzunguko huo, waliutumia. Juu ya kihisi cha mwanga walibandika michirizi minne ya vichujio: mwekundu, wa kijani, wa bluu, na mmoja wa kunasa mwanga ambao gesi ya methani huumeza. Chombo kinapojigeuza, kamera hupangusa anga kama mtu anayepangusa ukuta kwa kitambaa, na kila mpanguso huacha kipande. Kwa hiyo wingu hilohilo huonwa na kichujio cha bluu wakati mmoja na kichujio chekundu baadaye kidogo, na katikati ya nyakati hizo chombo hakikusimama. Karibu na sayari kinapita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200,000 kwa saa, kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini kwa muda wa saa mbili hivi. Bandika vipande hivyo ovyo, na Mshtarii itaota mapindo ya rangi kama kanga iliyochapwa kiwandani siku mashine imelegea.

Kanga yangu ilikuwa hivyohivyo. Katikati ya sayari mambo yalikuwa afadhali, lakini pembeni kila wingu lilikuwa matatu. Nilikuwa nimekosea muda kati ya kipande na kipande kwa kiasi cha elfu moja ya sekunde. Kosa hilo kwenye kipande kimoja hulioni. Lakini vipande ni makumi, na kosa hujilimbikiza kama deni la dukani, ukija kushtuka limeshakufika shingoni.

Kazi hii inayomtoa mtu jasho hivi ilipaswa kuwa ya nani? Jibu ndilo lililonivuta. Vyombo vizito vya Juno viliwekwa kupima uvutano, usumaku na yaliyofichika chini ya mawingu. Kamera iliongezwa kwa ajili ya umma, chini ya uongozi wa Candice Hansen wa Planetary Science Institute, na haikupewa jopo kubwa la watengeneza picha wa kulipwa. Vipande ghafi huwekwa hadharani, anayetaka achukue, ashone, arudishe. Mwanzoni watu walipigia hata kura ya mahali pa kupigwa picha. Mtu mwenye kushuku ataona ubahili hapo. Mimi naona ilikuwa bahati iliyovaa nguo za ubahili. Na kwa kuwa tumo katika mambo ya fedha: jina letu la sayari hii tulilipata kwa Waarabu, na kwa Kiarabu neno hilohilo humaanisha mnunuzi. Wa kununua hapa hayupo.

Miongoni mwa waliochukua ni Gerald Eichstädt, Mjerumani mtaalamu wa hisabati, aliyeandika programu zake mwenyewe. Yeye huanza mbali na rangi. Huuliza chombo kilikuwa wapi kila kipande kilipopigwa, lenzi inapinda mistari kiasi gani, jua lilikuwa upande gani. Kisha hupunguza tofauti ya mwanga, kwa sababu upande wa mchana wa Mshtarii hung'aa na mpaka wa usiku huzama gizani, na ukiiacha picha hivyo jicho litaona kiza na mng'ao, mawingu lisiyaone. Seán Doran, msanii wa Uingereza, mara nyingi hupokea kilichotoka kwa Eichstädt na kukimalizia. Ukili wa mmoja, sindano ya mwingine.

Ipo picha yao ya dhoruba ya kaskazini iliyopigwa tarehe 24 Oktoba 2017, Juno ikiwa kama kilomita 10,000 juu ya mawingu. Wengi huishia kwenye mzingo mkuu wa dhoruba, unaojikunja kama konokono. Isogelee. Juu ya mikono ya konokono huyo yametawanyika madoa meupe madogo, kama punje za mchele zilizomwagika kwenye sinia, na kila punje ina kivuli chake, vyote vimelalia upande mmoja. Hivyo ni vijiwingu vilivyochomoza juu ya wenzake vikakinga jua. Upana wake ni kati ya kilomita 7 na 12, juu ya sayari yenye kipenyo cha karibu kilomita 143,000. Kivuli cha wingu, kitu ambacho mvuvi hukiona juu ya maji kila siku, hapo kimeokolewa kutoka kwenye majivu ya vipande vilivyokosana muda. Mshono ukisogea pikseli chache tu, punje zile zinageuka ukungu na vivuli vinakufa.

Sasa suala la chumvi. Jicho la mtu lingeiona Mshtarii imepoa: rangi ya siagi, ya chai iliyozidi maziwa, na michirizi ya kahawia. Ile bluu kali na dhahabu mnayoijua imetiwa na mkono wa fundi. Wapo wanaokasirika wakisikia hivyo, wakasema wametiliwa chumvi. Ni kweli wametiliwa, na mimi sioni kosa, mradi mpishi anasema. Mafundi walio waungwana huandika wazi kwamba rangi zimekolezwa ili tofauti za mawingu zionekane. Kosa liko kwingine, kwenye kunoa. Ukikoleza rangi umeinua kilichokuwepo. Ukinoa kupita kiasi, programu inaanza kuzua mistari na vipele ambavyo Mshtarii haikuwahi kuwa navyo, na mtazamaji hana namna ya kujua. Nimeona picha za kupendeza sana zilizooza kwa ndani namna hiyo. Ndiyo maana nikikutana na picha ya Björn Jónsson, wa Iceland, huwa nashusha pumzi. Yeye hutoa pia Mshtarii ya rangi zilizokaribia za asili, imepauka, na haioni haya.

Kazi hii ina ndugu yake huku chini. Usiku wa tarehe 31 Mei 2020 Clyde Foster, mtazamanyota wa ridhaa wa Centurion, Afrika Kusini, alielekeza darubini yake kwenye Mshtarii akiwa na kichujio cha methani, akaona doa jeupe karibu na Doa Jekundu Kubwa. Wenzake wa Australia walikuwa wamepiga picha saa chache kabla, na halikuwapo. Siku mbili baadaye, tarehe 2 Juni, Juno ilipita kwa ratiba yake. Vipande vikashuka, na Kevin M. Gill, mhandisi wa programu ambaye hushona picha hizi kwa mapenzi, akatoa sura ya doa hilo kutoka kwenye picha tano. Mtu aliyekuwa nyumbani kwake na darubini aliona mlipuko wa mawingu, na wiki haikupita kabla hajaonyeshwa mikunjo yake kwa karibu. Liliitwa Doa la Clyde.

Kamera yenyewe imechoka. Mionzi ya Mshtarii ni mikali na JunoCam haikutarajiwa kuishi muda huu wote. Mwishoni mwa 2023 picha zilirudi zimejaa mistari na chembechembe, mkeka ulioliwa na mchwa, na pito la karibu na mwezi Io lilikuwa limebakiza wiki chache. Fundi wa picha hana dawa ya hilo, maana hakuna ustadi wa kushona ukili uliooza. Wahandisi wakaipasha moto kamera kwa hita yake, wakitumaini joto litaponya kasoro ndani ya vifaa vyake. Siku za kwanza hapakuwa na nafuu kubwa. Kisha picha zikaanza kusafika, na tarehe 30 Desemba, kilomita 1,500 tu kutoka Io, JunoCam ikaleta milima na volkano kana kwamba ni mpya. Vipande vilipotoka, mafundi walikuwa macho, kila mtu kwenye saa za kwao.

Yangu iliiva usiku wa nne. Ncha ya kusini, vimbunga vimesongamana, rangi nimezipoza makusudi. Nilimpelekea shangazi kwenye simu.

"Hii nini? Bahari?"

"Mawingu, shangazi. Ya Mshtarii."

Aliivuta kwa vidole viwili. Hakukaa kwenye vimbunga. Alisogeza mpaka pembeni kushoto, kwenye uzi wa bluu wa pikseli mbili ambao nilijiambia hakuna atakayeuona.

"Hapa palikushinda," alisema, akanirudishia simu.