Kina Kifupi Katika Tungo za Bahari

Washairi wetu huziita aina za tungo "bahari", na mlingano wa sauti za mwisho huuita "kina". Mtu anayetunga kisiwani, hata akizungumzia ndoa au siasa, hukutana na bahari katika istilahi kabla ya kuikuta katika maudhui. Pamoja na hayo, nikizipitia tungo zetu, za kale na za sasa, naona kuna sehemu moja ya bahari iliyokosa mtunzi. Nayo ni ile tunayoiona kila siku: maji ya kina kifupi, yaliyotulia, maangavu hata mchanga wa chini unahesabika.

Bahari ya malenga wetu ni ya kina kirefu na mawimbi. Tangu enzi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, chombo na bahari vimekuwa fumbo la siasa na la maisha. Haji Gora Haji, mwana wa Tumbatu aliyefariki mwaka 2021, naye mwenyewe aliwahi kuwa mvuvi na baharia, na diwani yake ya mwaka 1994 ikaitwa Kimbunga. Methali nazo zafuata mkondo huo huo: nahodha wengi, chombo huenda mrama, chombo cha kuzama hakina usukani. Sababu haijifichi. Dhoruba humpima mtu, na ushairi humpenda mtu anayepimwa. Shwari ikadhaniwa haina la kusema.

Pengo hilo halikubaki tupu. Limejazwa na vijitabu vya utalii. Leo mashua zinazowachukua wageni kutoka Fumba kwenda kisiwa cha Kwale, katika ghuba ya Menai, zimezungukwa na maneno kabla hazijang'oa nanga: maji ya zumaridi, mchanga mweupe, machweo. Wauza safari sina ugomvi nao. Hiyo ndiyo biashara yao. Lawama ni yetu sisi tulioazima macho yao. Zipo sasa tungo nyingi, za vina na zisizo vina, zinazoanza kwa zumaridi na kumalizikia kwa machweo. Ndani yake hamna mtu, hamna kazi, wala maji hayapwi. Mtunzi amekaa pale alipokaa mgeni, ilhali yeye si mgeni.

Ama nahodha, ukimuuliza, atakwambia kuwa shwari ni kazi ya macho. Buluu iliyokoza ni kina; kijani kilichofifia ni mchanga ulio karibu; hudhurungi ni mwamba au majani ya bahari. Hupenda kupita jua likiwa juu au nyuma yake, kwani likimkabili usoni maji hugeuka kioo na mwamba hupotea. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, hata njia iliyopitika alfajiri huweza kuwa fungu kavu kabla ya adhuhuri. Hapa chombo hakizamishwi na wimbi. Hukwama kwa uzembe, mchana kweupe, na maji yanaonekana hadi chini. Basi, msomaji, ni fumbo gani la utawala au la nyumba lililo zito kuliko hili?

Tena wamo watu. Tangu kilimo cha mwani cha kibiashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vingine wamekigeuza kina kifupi kuwa konde. Maji yakipwa hushuka na vijiti na kamba zao. Wengine huchokoa pweza. Bahari ilipozidi joto, kotonii, mwani wenye bei nzuri kuliko spinosi, ukawa waoza na kufa katika maji ya karibu. Kuna matumaini zaidi mbele, penye maji marefu, lakini wengi wao hawajui kuogelea. Hapo neno "kina" lina uzito ambao hakuna mizani ya shairi iliyowahi kuubeba. Uvuguvugu anaousifu mtunzi akiwa chomboni ndio unaomkosesha mama mavuno, naye yumo ndani ya maji hayo hayo, yamemfika magotini.

Atasema mtu kwamba uzuri nao una haki yake. Sikatai. Maji yale ni mazuri, na mwenye macho hawezi kuyapita kimya. Ninalolikataa ni sifa isiyotazama chini. Malenga wetu wa kale walipotaja tanga na usukani walijua kila kimoja kinavyofanya kazi, na ndiyo maana mafumbo yao hayajachakaa. Wa leo naye ana wajibu huo huo. Asubiri maji yapwe, ateremke, aulize majina ya anavyovikanyaga na ya wanaovivuna. Akisharudi chomboni, kama bado atalitaka neno zumaridi, na alitumie.