Tangazo la “Sehemu ya Pili” kama Matini

Wanafunzi wa kozi ya uhakiki wakiombwa kuleta matini ya kuchambua, aghalabu huleta riwaya, tamthilia au shairi. Muhula mmoja mwanafunzi wangu alileta jalada la kaseti ya filamu ya kutisha. Wenzake walicheka. Nami, nakiri, nilimwambia kwamba hiyo ilikuwa biashara tu, si matini. Katika makala haya nataka kuirekebisha kauli hiyo.

Kabla ya intaneti, hadhira ilijuaje kwamba filamu ya kutisha ina mwendelezo? Ilijua kwa mabango, kwa matangazo ya magazetini, redioni na kwenye televisheni, na kwa vionjo vilivyotangulia filamu nyingine. Mashabiki walikuwa pia na majarida yao, kama Fangoria, lililoanza kutolewa Marekani mwaka 1979. Hata hivyo, kwa maoni yangu, tangazo lililofanya kazi kubwa zaidi lilikuwa anwani ya filamu yenyewe. Hapo ndipo mwalimu wa lugha ana la kusema.

Tutazame kwanza Frankenstein (1931) ya James Whale. Zimwi linaachwa ndani ya kinu kinachoteketea. Mtu aliyeliona bango la Bride of Frankenstein mwaka 1935 alikuwa na haki ya kuuliza: zimwi limeponaje? Whale analikabili swali hilo ndani ya filamu. Anaanza na Mary Shelley sebuleni, usiku wa dhoruba, akiwa na mumewe na Lord Byron. Byron anakumbusha yaliyopita, naye Mary anaeleza kuwa hadithi haikuishia pale. Kwa istilahi zetu, fanani ameletwa mbele ya hadhira ili aombe ruhusa ya kuendelea. Sijaona tangazo la mwendelezo lililo bora kuliko hilo.

Baadaye kazi hiyo ilipewa namba. Namba katika anwani ni kama kiambishi: haijitoshelezi, sharti iambatane na mzizi. Halloween ya John Carpenter ilitoka mwaka 1978. Halloween II (1981) inaendelea usiku uleule, na muuaji ni yuleyule, Michael Myers. Ikaja Halloween III: Season of the Witch (1982), ambamo hadithi ya Myers haimo kabisa. Watayarishaji walikusudia kila filamu isimulie kisa kipya kuhusu sikukuu ya Halloween. Kwao mzizi ulikuwa sikukuu. Kwa watazamaji mzizi ulikuwa Myers. Wengi walihisi wamedanganywa. Filamu iliyofuata, ya mwaka 1988, iliitwa Halloween 4: The Return of Michael Myers. Jina la mhusika lilipandishwa hadi kwenye anwani ili utata uondoke.

Hatima ya neno “mwisho” inasikitisha zaidi. Friday the 13th: The Final Chapter, yaani Sura ya Mwisho, ilitoka Aprili 1984. Kabla ya mwaka kutimia, Machi 1985, ikatoka A New Beginning, yaani Mwanzo Mpya. Mwaka 1993 Jason Goes to Hell: The Final Friday ikaahidi mwisho kwa mara nyingine, lakini katika picha yake ya kufungia mkono wa Freddy Krueger unachomoza ardhini na kuunyakua uso wa bandia wa Jason. Filamu yenye neno “mwisho” katika anwani ilimalizia kwa tangazo la filamu nyingine! Hadhira ilingoja miaka kumi, hadi Freddy vs. Jason ya mwaka 2003.

Je, hadhira ilipumbazwa? Nadhani hapana. Mtoto akimsikia bibi akisema hadithi imeishia hapo, anajua kesho jioni kuna nyingine. Lakini ahadi ikivunjwa mara nyingi, neno huchakaa, na mhakiki anapaswa kulisema hilo hata kama watazamaji wamesamehe.

Afrika nayo ina mifano yake. Living in Bondage ya Nigeria, kisa cha mtu anayemtoa mkewe kafara ili atajirike, ilitoka mwaka 1992, na sehemu ya pili ikafuata mwaka 1993. Filamu nyingi za video za huko zilikatiza sehemu ya kwanza kwenye taharuki na kumtaka mtazamaji asubiri ya pili. Hapa Uganda, vibanda vya video viliandika filamu za siku kwa chaki ubaoni, na ndani mfasiri alisimulia kwa Kiganda. Tangazo lilirudi mdomoni mwa fanani, kama lilivyokuwa zamani.

Walimu wenzangu, tuwaruhusu wanafunzi walete mabango na majalada darasani. Tuwaulize: anwani hii inaahidi nini, inamwahidi nani, na je, ahadi hiyo imetimizwa? Mwanafunzi wangu alikuwa amekwisha kuanza kuyauliza maswali hayo. Mimi ndiye niliyechelewa.