Vijiji Vingapi?

Nesi akishafundishwa njia bora ya kutibu magonjwa ya zinaa, huwezi kumwambia aitumie kwa mgonjwa wa kwanza kisha aiweke kando kwa wa pili. Ndiyo maana katika majaribio mengine ya afya kura ya kuamua nani apate huduma mpya haipigwi kwa mtu mmoja mmoja, bali kwa kijiji, shule au zahanati nzima. Kuyapanga majaribio hayo ni ufundi unaostahili kutazamwa kwa utulivu.

Chukua, kwa mfano, vijiji vinavyouzunguka mji wa Maua, chini ya milima ya Nyambene. Majirani huchota maji pamoja, huuza miraa pamoja, huambukizana homa ile ile. Ukimpima wa pili, sehemu ya habari zake umeshazipata kwa wa kwanza. Mtakwimu huupa mfanano huo namba, tuseme 0.02. Akiwa na vijiji 20 vya watu 50, hutoa 1 kwenye 50, akazidisha 49 kwa 0.02, akaongeza 1, akapata 1.98. Akigawa watu wake 1,000 kwa namba hiyo, wana uzito wa watu 505 tu. Akiongeza watu wawe 2,000 katika vijiji vile vile, uzito unafika 671. Akiwapata hao 2,000 kwa kuongeza vijiji viwe 40, unafika 1,010. Idadi ya watu ni ile ile, mavuno ni tofauti kabisa.

Mwanza, Tanzania, kati ya 1991 na 1994, Heiner Grosskurth, Richard Hayes na wenzao walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi ya VVU. Walikuwa na jamii 12 tu. Kwa uchache huo, kura ingeweza kuzitupa jamii za visiwani zote upande mmoja. Kwa hiyo walizipanga kwanza katika jozi 6, kisiwa kwa kisiwa, mwambao wa ziwa kwa mwambao, kisha wakapiga kura ndani ya kila jozi. Katika kila jamii walifuatilia watu wazima wapatao 1,000 kwa miaka 2.

Matokeo yalitoka 1995: maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 palipoboreshwa matibabu, na 1.9 kwingineko. Jozi zote 6 zilielekea upande huo huo. Kama matibabu yasingesaidia chochote, bahati ingeleta hivyo mara 1 tu katika 64.

Daftari lao lilikuwa na watu zaidi ya 12,000, na mwenye pupa angejivunia vichwa hivyo. Wao uhakika wao waliupima kwa jozi 6, kwa sababu kura ilipigwa kwa jamii, si kwa watu. Uaminifu huo ndio kiini cha ufundi wenyewe. Basi mtafiti akija Maua na kutaja maelfu ya watu aliowapima, tumpokee vizuri, kisha tumuulize: vijiji vingapi?