Muuaji Tunamjua Sote

Sijasomea fasihi. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nikisoma fasihi. Kazi yangu siku nyingi ni kuandika chochote kinacholipa, na jioni nampelekea mama majani kituoni. Ukiwa umekulia upande huu wa Kericho na Bomet unajua mambo ya kituo: lori linasemekana litakuja saa nane, linafika saa moja usiku, na kati ya hizo saa mvua ya mawe inaweza kukupata mara mbili. Hapo ndipo nasoma riwaya za upelelezi kwa simu. Nimezimaliza nyingi kuliko vitabu vyote nilivyopewa chuoni.

Kwa hivyo haya ni maoni ya mtu wa kituoni.

Nianze na ile naipenda bila kuiheshimu sana, Nairobi Heat ya Mũkoma wa Ngũgĩ. Ishmael, polisi mweusi kutoka Madison huko Marekani, anakuja Nairobi kufuata kesi ya msichana mzungu aliyepatikana amekufa mlangoni pa mtu anayesifiwa kama shujaa wa Rwanda. Kitabu kinakimbia kama Probox ya Litein asubuhi, abiria wanne mbele, na ukishuka hukumbuki mlipitia wapi. Risasi ni nyingi mno. Anayebaki kichwani ni O, mpelelezi wa Nairobi, na natamani kitabu kingekuwa chake.

Hell's Gate ya Richard Crompton nilikichukua kwa sababu moja tu: mfanyakazi wa maua Naivasha anapatikana amekufa ziwani. Nikajiambia, hapa sasa. Maua na majani chai ni ndugu, watu wanaamka saa zilezile na kuogopa msimamizi yuleyule. Si kitabu kibaya, na Mollel, yule askari Mmaasai, ni mtu kamili. Ila nilitaka kukaa zaidi na huyo marehemu.

My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite ilitoka 2018, na kama hujaisoma, isome wiki hii. Ayoola anaua wapenzi wake, na dada yake Korede, ambaye ni nesi, anakuja na dawa ya kusafisha damu. Hakuna cha kutafuta, maana muuaji unamjua kabla hujatulia kwenye kiti. Nilimsimulia karani wetu wa kupima majani, mzee mpole, akanishangaa. "Sasa wewe kijana, ukishajua aliyeua, unaendelea kusoma nini?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nililipata kwa Lightseekers.

Lightseekers ni ya Femi Kayode, Mnaijeria, ya 2021. Wanafunzi watatu wa chuo wanauawa na umati katika mji wa kubuni unaoitwa Okriki, wanapigwa na kuchomwa, na video zinasambaa. Nyuma yake kuna tukio la kweli: Oktoba 2012, huko Aluu karibu na Port Harcourt, wanafunzi wanne waliuawa hivyo hivyo. Katika riwaya, baba wa mmoja wa marehemu anamtafuta Philip Taiwo, mwanasaikolojia aliyerudi kutoka Marekani, amweleze kwa nini. Nani, anajua. Mji mzima unajua. Anachotaka ni kwa nini.

Hapo nilizima simu nikakaa.

Mwaka wa 2019, sokoni, upande wa Bomet, kijana alishikwa akisemekana kaiba pikipiki. Nilikuwa nimetumwa mbegu za viazi. Nilisimama kwa ukuta wa duka na nikatoa simu. Nilirekodi sekunde kama arobaini hivi. Sikumgusa, sikusema aachwe, wala sikuondoka. Jioni walisema hakufika hospitali, na video niliifuta kabla sijafika nyumbani. Sijawahi kuandika hilo mahali popote.

Kwa hivyo nilisoma Lightseekers kama mtu anayesoma barua ya korti yenye jina lake. Na kwa zaidi ya nusu ya kitabu, Kayode hakosei. Taiwo akiingia Okriki, hoteli inakuwa baridi, polisi wanaongea nusu, wauzaji wanatazama pembeni. Kimya hicho nakifahamu. Soko letu lilifunguliwa wiki iliyofuata na bei ya kabeji ikajadiliwa kama kawaida.

Kisha kitabu kinaniudhi, na hapa nitaharibu kidogo utamu, ruka kama hujasoma. Katikati ya sura inaingia sauti ya mtu anayeitwa John Paul, na polepole unagundua kuna mkono mmoja uliosukuma mambo. Kuna mwovu mwenye jina, mpango na jeraha la utotoni. Kama upelelezi, safi sana. Lakini nilihisi mji wote umeachiliwa huru. Waliobeba matairi wamegeuka vifaa vya mtu mwingine.

Najua sababu. Upelelezi tangu zamani unataka mtu mmoja mwishoni. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, anatafuna mambo na kiko chake mpaka anakunyooshea kidole mhusika, nasi tunafurahi kwa sababu sisi wengine tumetoka. Soko letu halikuwa na John Paul. Kulikuwa na mwenye duka la simu, mama wa viazi aliyenirudishia chenji sawasawa, vijana wa boda, na mimi. Hakuna aliyetupangia.

Karani alinirudia na swali lake juzi. Nikamwambia naendelea kusoma ili nijue kama Korede atasema. Akapima gunia la mama, kilo kumi na nane, akaandika, akasema na yeye siku hiyo alikuwa sokoni.

Hatukuendelea.

Pamoja na lawama hizo zote, kati ya hivi vinne ningekuazima Lightseekers kwanza. Nimenunua pia kinachofuata, Gaslight, cha 2023, kuhusu askofu wa kanisa kubwa na mkewe aliyetoweka. Niko ukurasa wa sitini, na mpaka hapo Taiwo anamtafuta mtu mmoja.