Anza na Enchilada ya Jibini: Namna ya Kuupima Mgahawa wa Tex-Mex

Mtu akikwambia Tex-Mex ni chakula cha Meksiko kilichoharibiwa na Wamarekani, usibishane naye, ila usimwachie kazi ya kuchagua mgahawa. Atakwenda San Antonio, Texas, kutafuta mapishi ya Oaxaca ya Meksiko, ayakose, arudi akilalamika. Tex-Mex ni mapishi ya Watejano, watu wenye asili ya Meksiko waliokuwa wakiishi Texas kabla haijaingizwa Marekani mwaka 1845, na yana kanuni zake. Kitabu cha Diana Kennedy, The Cuisines of Mexico, kilichotoka mwaka 1972, kiliwaonyesha Wamarekani wengi jinsi upishi wa Meksiko yenyewe ulivyo mpana. Ilikuwa kazi njema, lakini jibini la njano likaanza kuonewa haya bila sababu. Katika Tex-Mex jibini la njano ni haki yake. Cha kuuliza ni kama mpishi amelitendea vyema.

Mimi hupima vitu vya bei rahisi. Nyama nzuri huipata yeyote mwenye fedha. Tortilla, maharage na mchuzi huonyesha kama jikoni kuna mtu aliyeamka mapema.

Kipimo cha kwanza huja kabla hujaagiza chochote. Mhudumu huleta kikapu cha tortilla za mahindi zilizokatwa pembetatu na kukaangwa, pamoja na bakuli la salsa, na mara nyingi hutozwi. Vipande viwe na joto, vyembamba, vivunjike kwa sauti. Vikiwa baridi na vyote vimelingana, vimetoka kwenye mfuko. Ndani ya salsa tafuta chembe nyeusi: ni dalili kwamba nyanya na pilipili zilibabuliwa motoni kabla ya kusagwa. Salsa yenye utamu wa sukari ni onyo. Pico de gallo haihitaji mwalimu kwa mla kachumbari, maana ni nyanya, kitunguu, pilipili, kotimiri na ndimu. Ikiwa inaogelea kwenye maji yake, imekatwa zamani.

Omba pia tortilla ya ngano, nayo uihukumu kwa macho yale yale unayohukumia chapati. Isiwe duara kamili. Iwe na madoa ya kahawia yasiyolingana, na sehemu zilizofura kisha zikanywea. 

Sasa agiza enchilada za jibini. Usiweke nyama, wala usibabaishwe na orodha ndefu ya vyakula. Katika sahani hii mpishi hana pa kujificha, kwa sababu kilichopo ni tortilla ya mahindi, jibini, kitunguu na mchuzi wa pilipili tu. Mchuzi huo ndio moyo wa Tex-Mex. Unga wa ngano hukaangwa kwenye mafuta hadi ubadilike rangi, kisha hutiwa unga wa pilipili nyekundu, bizari nyembamba, kitunguu saumu na supu. Bizari hiyo ni ile ile ya pilau, kwa hiyo Mswahili anayeingia mgahawa wa namna hii Houston au Dallas hupokewa mlangoni na harufu aliyokulia nayo. Historia ya mchuzi huo haikuanzia mgahawani. Karne ya 19 akina mama wa San Antonio, waliojulikana kama chili queens, walikuwa wakiuza nyama ya pilipili usiku kwenye viwanja vya mji. Miaka ya 1890 William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani aliyekuwa New Braunfels, akaanza kuuza unga wa pilipili uliokwisha changanywa na viungo, na ladha ya viwanjani ikaingia kwenye chupa.

Mchuzi uwe na rangi ya udongo mwekundu uliolowa. Ukionja nyanya, wamekosea: nyanya si mwenyeji wa mchuzi huu. Ukionja unga mbichi, mpishi alikuwa na haraka. Ukali wa pilipili usitangulie. Kwanza ije bizari, halafu joto la polepole kooni. Tortilla nayo lazima ipitishwe kwenye mafuta ya moto kabla ya kukunjwa, la sivyo hunyonya mchuzi na kuwa uji chini ya jibini. Chomeka uma katikati: ikikatika vipande safi, hapo pana mpishi. Jibini likishafanya utando juu, sahani ilisubiri muda mrefu chini ya taa ya joto.

Maharage ya pembeni huchemshwa, hupondwa, kisha hukaangwa. Yasiwe laini kupita kiasi. Punje chache zilizobaki nzima ni ushahidi kwamba hayakutoka kwenye kopo. Mchele wa wali hukaangwa mkavu kwanza hadi upate rangi, ndipo hutiwa supu yenye nyanya, na kila punje isimame peke yake. Waislamu waulize mapema: kwa desturi maharage na tortilla za ngano hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Siku hizi migahawa mingi hutumia mafuta ya mimea, lakini usikisie. Sema "manteca" tu, yaani mafuta ya nguruwe kwa Kihispania, mhudumu atakuelewa.

Kwenye queso, lile jibini la kuyeyushwa la kuchovyea, sitaki ubishi. Jibini la kiwandani ndilo linalofaa, kwa kuwa chumvi zilizotiwa humo huzuia mafuta yasijitenge likipashwa moto. Anayejivunia kuyeyusha cheddar halisi peke yake atakuletea mafuta yaliyoelea juu ya kamba za jibini.

Fajita, ile nyama ya ng'ombe ya kuchoma, nimeiacha mwisho kwa makusudi, maana kelele zake hulewesha. Sonny Falcon aliuza nyama hii kwenye kibanda huko Kyle, Texas, mwaka 1969, na Ninfa Laurenzo, mwenye mgahawa, akaitangaza Houston kuanzia mwaka 1973. Ni ukanda wa msuli wa kiwambo cha ng'ombe, mgumu lakini wenye ladha nzito. Sahani ya chuma inayofuka moshi hadi kila meza igeuke ni maonyesho tu, na nyama huendelea kuiva juu yake unapopiga picha. Tazama mkato. Nyama ikatwe kukingama na nyuzi zake. Ikifuata nyuzi utatafuna hadi bili ije. Ukihisi moshi wa kuni za mesquite, umebahatika. Mti huo ni ndugu wa mathenge, ule unaowasumbua wafugaji wa Baringo, Kenya, nao hutoa mkaa mzuri ajabu. Fajita za kuku na uduvi ni biashara. Zile ukipenda, ila usizitumie kupimia.

Kofia ukutani na rangi za viti havina uzito wowote kwenye hukumu. Mgahawa ulioshindwa enchilada ya jibini hauwezi kuokolewa na fajita. Lipa, acha bahshishi ya mhudumu, na wiki ijayo jaribu kwingine.