Juu ya Kutunga Kisa katika Mchezo wa Ars Magica

Mtungaji wa riwaya ana uhuru ambao mtungaji wa kisa cha mchezo hana. Wa kwanza huwapeleka watu wake atakako, nao hawamwulizi sababu. Wa pili huwaandalia njia watu ambao nia zao zimo katika vifua vya wengine. Wachezaji wanne au watano huketi mezani, kila mmoja amejivika nafsi ya mtu wa kubuniwa, na baada ya neno la kwanza hapana ajuaye kwa yakini neno litakalofuata. Kwa hiyo wapo wadhanio kuwa kupanga kisa cha namna hii ni kazi hafifu ya kuorodhesha maadui, milango na hazina. Mchezo wa Ars Magica huikanusha dhana hiyo upesi kuliko mchezo mwingine.

Mchezo huo ulitolewa Marekani katika mwaka wa 1987 na Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, miaka 13 baada ya Dungeons & Dragons, mchezo uliozaa jamii yote ya michezo hii. Toleo lake la tano lilitoka mwaka wa 2004. Mahali pake ni Ulaya ya zama za kati, na aghalabu kisa huanza mwaka wa 1220. Ulaya hiyo ni ile ya historia, pamoja na miji yake, maaskofu wake na vita vyake, ila kila walichosadiki watu wa zama zile ni kweli: malaika huteremka, mashetani hushawishi, na misituni wamo viumbe wasio watu wala wanyama.

Watu wakuu wa mchezo huitwa kwa Kilatini magi. Kuwaita wachawi kwa Kiswahili ni kuwadhulumu, maana mchawi katika lugha hii ni mtu wa usiku na wa madhara. Hawa ni wanachuoni wa sihiri. Hukaa pamoja katika maskani yao, wakiwa na maktaba, watumishi na askari, nao hufungwa na sheria ya chama chao. Elimu yao ni mfano wa sarufi: kuna vitenzi vitano, yaani kuumba, kutambua, kugeuza, kuharibu na kutawala; tena kuna majina kumi, kama moto, maji, mwili na akili. Kitenzi kimoja na jina moja hufanya tendo la sihiri, na kwa hesabu hiyo milango ya uwezo ni 50.

Hapo ndipo shida ya mpangaji inapoanzia. Atafanya nini na shujaa anayeweza karibu kila kitu? Akiweka ukuta, mwanachuoni ataugeuza vumbi. Akiweka mwizi asiyejulikana, mwanachuoni atasoma fikira za watu wa mji mzima kabla ya adhuhuri. Mpangaji asiye na subira huongeza unene wa ukuta, kisha nguvu ya adui, kisha huyazuia masihiri kwa sababu asizoweza kuzieleza. Wachezaji huhisi mara moja kuwa wamenyang'anywa kile walichopewa. Kisa cha namna hiyo ni mashindano kati ya mtungaji na wasikilizaji wake, na mtungaji akishinda, hadithi imekufa.

Dawa haiko katika kuzidisha vizuizi. Iko katika kutambua mambo ambayo uwezo hauyafikii. Katika kanuni za mchezo mwanachuoni hawezi kumfufua maiti, wala sihiri yake haishindi mamlaka ya Mungu. Sheria ya chama humkataza kujiingiza katika mambo ya raia hata akawaletea wenzake maangamizi. Zaidi ya yote, hana wakati. Mwaka wake umegawanywa majira manne, na kila majira ni ya kusoma kitabu, kubuni tendo jipya au kumfundisha mwanafunzi. Safari ndefu humla majira, na majira yaliyoliwa hayarudi. Kisa kizuri basi hakimwulizi mwanachuoni kama anaweza, bali humwuliza yu tayari kulipa nini.

Na uchukuliwe mfano. Karibu na mto Rhine, katika jimbo la Askofu Mkuu wa Cologne, yapo maskani ambayo kila mwaka huteka katika chemchemi moja ile nguvu ya sihiri iliyogandamana, iitwayo vis. Mwaka huu kasisi wa kijiji ametangaza kuwa maji yale yanaponya, na anataka kujenga kanisa dogo juu yake. Likishajengwa na kuombewa, mahali patakuwa pa Mungu, na chemchemi itakuwa imepotea kwa wanachuoni. Kulichoma kanisa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kuigeuza akili ya kasisi si vigumu. Lakini mtoto wa kwanza kupona pale ni binti wa bawabu wa maskani yenyewe, askari aliyewatumikia mabwana wake miaka 20, naye ameapa kubeba mawe ya msingi kwa mikono yake.

Mpango huu una maadui wachache, tena hauna hata joka moja. Walakini una jambo ambalo wachezaji hawataweza kulipita bila kujitambua. Uzuri wa Ars Magica ni kuwa mchezaji mmoja humiliki zaidi ya mtu mmoja: leo ni mwanachuoni, kesho ni swahiba wake, kesho kutwa ni askari wa lango. Yule aliyesema jana kuwa kanisa livunjwe huenda leo akaseme kwa kinywa cha bawabu. Riwaya huweza kumwonyesha msomaji pande mbili za dhuluma. Mchezo huu humkalisha katika pande zote mbili.

Hapa pana hukumu ambayo wapangaji wengi huipuuza. Mpangaji hana ruhusa ya kujua mwisho, lakini ni wajibu wake kujua mwanzo. Je, binti aliponywa na Mungu, au na ile nguvu iliyomo majini? Ni lazima ayaamue hayo moyoni kabla ya siku ya mchezo, na asiyageuze tena, hata wachezaji wakipata ukweli mapema kuliko alivyotumaini. Mpangaji anayebadili ukweli ili kuokoa mshangao wake hufanana na hakimu anayetunga sheria baada ya kusikiliza kesi. Uhuru wa wachezaji hauna thamani juu ya ardhi inayosogea.

Historia humsaidia mpangaji kuiimarisha ardhi hiyo. Mwaka wa 1220 Askofu Mkuu wa Cologne alikuwa Engelbert, aliyekuwa pia msimamizi wa ufalme wa Ujerumani kwa niaba ya mtoto wa Mfalme Frederick wa Pili; naye aliuawa mwaka wa 1225. Katika miaka iyo hiyo mtawa Caesarius wa Heisterbach alikuwa akikusanya visa vya miujiza na mashetani katika kitabu cha mazungumzo kati ya mtawa na mwanagenzi. Mpangaji aliyesoma hayo hana haja ya kubuni askofu wa karatasi. Anajua barua ya kasisi itafika kwa nani, na anajua kuwa muujiza, kwa watu wa nchi ile, ulikuwa habari ya kuandikwa. Ila historia nayo isifanywe minyororo. Kama matendo ya wachezaji yatamwokoa Engelbert, na aishi.

Watasema wengine kuwa hayo yote ni mchezo, na kwamba utungo usioandikwa hauwezi kupimwa kwa mizani ya fasihi. Lakini hadithi za watu zilisimuliwa kabla ya kuandikwa, na msimulizi alihitaji kuitikiwa ili aendelee. Yaliyo mezani ni masimulizi ambayo waitikiaji wake wamepewa nusu ya kazi. Kisa hicho hakitabaki. Kesho hakuna atakayekisoma. Kitakachobaki ni uamuzi uliofanywa na mtu mwenye nguvu mbele ya mtu mnyonge, na kumbukumbu ya aliyeufanya. Mpangaji aliyeandaa uamuzi huo kwa haki, kisha akanyamaza na kusikiliza, ametimiza kazi ya mtungaji.