Masanga si silabusi



Kuko wimbo mumoja wenye wapiga gitaa wengi wa Ulaya na Marekani wanauheshimu sana, na siye hapa Butembo tunaupita pembeni: Masanga ya Mwenda Jean Bosco. Ukifungua simu leo utapata masomo ya kuupiga: mtu amekaa kwenye kiti, kamera inaonyesha vidole vyake, na chini kuna mistari sita yenye namba. Uzi gani, kidole gani, wakati gani. Nimefuata masomo hayo miezi kadhaa, jioni kiisha kutoka shambani. Leo nataka kuyapima: yanafundisha nini, na yanaacha nini.

Tuanze na mwenye wimbo. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa mfalme Msiri na Wayeke, kule Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimukuta Jadotville, mji tunaoita leo Likasi. Kijana wa miaka 22, na gitaa moja. Sahani zake zilitolewa na kampuni Gallo ya Afrika Kusini, zikafika mpaka Kenya. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alikufa 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Na nyimbo zake nyingi aliimba kwa Kiswahili, kile cha Katanga, chenye wewe na mimi tunasikia bila mutafsiri.

Ufundi wake ni vidole viwili tu vya mkono wa kuume: gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inabeba wimbo juu. Siye tumelelewa na orkestra za Kinshasa, penye gitaa zinagawana kazi: huyu solo, yule akompanyema, mwengine besi. Mwenda anafanya hizo kazi peke yake. Njo maana anayemusikia mara ya kwanza anauliza ni watu wangapi wanapiga. Ugumu si mbio. Ugumu ni kwamba gumba lina njia yake na shahada ina yake, na hakuna kumungoja mwenziwe.

Hapo masomo ya mistari na namba yanastahili sifa. Yanakata wimbo vipande vidogo, yanapunguza mwendo, yanakuonyesha kidole kiko wapi. Mtu asiye na mwalimu karibu anapata mlango wa kuingilia. Sitaki kudharau kazi hiyo, maana wale walioandika wamesikiliza kwa makini kuliko wengi wetu.

Lakini kuko makosa mawili makubwa.

La kwanza, yanagandisha wimbo. Mtafiti David Rycroft alipoandika muziki wa Mwenda kwa noti, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kichwa cha maandishi yake kilisema wazi kwamba ni mambo ya kubuni papo hapo. Masanga ni muzunguko mufupi unaorudi, na kila ukirudi Mwenda anageuza kitu: noti inachelewa, besi inapanda, sauti ya juu inajibu tofauti. Mwenye kukariri toleo moja, namba kwa namba, ameshika picha ya mutu, hajashika mutu.

La pili, mengi yanaondoa sauti ya mwimbaji. Mwenda alikuwa anapiga na kuimba, lakini masomo yanabakiza vidole tu, sababu mwalimu na wanafunzi wake hawajui Kiswahili. Kwao ni jambo la kueleweka. Kwetu ni hasara ya bure: tunajifunza kutoka kwa asiyesikia maneno, na tunayaacha sawa yeye alivyoyaacha, wakati siye tunayasikia.

Sasa niseme kwa lugha ya kazi yangu. Mahindi ya hibridi unayonunua dukani yanazaa vizuri msimu wa kwanza. Ukiweka mbegu ile na kuipanda tena, mimea inatoka tofauti tofauti, mingine mirefu, mingine mifupi, na mavuno yanashuka. Kila mwaka unarudi dukani. Mbegu ya mama zetu inaweza kuzaa kidogo, lakini wanachagua masuke wenyewe shambani, na mbegu inazoea udongo wa pale. Somo la namba ni hibridi: linakupa wimbo mumoja safi. Ukitaka wa pili, unarudi kununua.

Wakenya walifanya namna nyingine. Sahani za Mwenda zilipofika kwao katika miaka ya 1950, hakukuwa video wala namba. Walisikiliza kwa masikio. George Mukabi, aliyekufa mwaka 1963, naye alikuwa mtu wa gitaa la vidole, lakini omutibo yake ilitembea kwa mwendo wa ngoma za sukuti za Waluhya, pamoja na chupa ya soda inayogongwa. Ukimusikia unajua ni ndugu wa muziki wa Katanga, na unajua ni mutu wa kwao. Hakuna anayemwita mwigaji.

Hata mbali ni vile. Kule Louisiana, Wakajuni ni wazao wa Wafaransa waliofukuzwa Acadie na Waingereza kuanzia 1755. Katiba ya Louisiana ya 1921 iliamuru shule zifundishe kwa Kiingereza, na Kifaransa chao kikabaki nyumbani na ndani ya nyimbo. Kodiani yao ina vifungo kumi, harmonika ina matundu kumi, na zote mbili zinatoa noti moja ukisukuma pumzi, nyingine ukivuta. Kwa hiyo nyimbo zinahamia harmonika bila taabu nyingi. Lakini ukipata noti zote na hakuna mwenye anasikia hamu ya kucheza, bado haujapiga muziki ule, maana ulikuwa wa kuchezesha watu.

Jambo hili linatugusa kuliko gitaa. Siye wahitimu tumefundishwa kwa silabusi: nunua, kariri, rudisha siku ya mtihani. Kiisha tunaingia mashambani na mitaani tukingoja mtu atupatie karatasi nyingine. Masanga inakataa tabia hiyo. Inadai masikio, subira, na ujasiri wa kubadilisha kitu kwa mkono wako.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye gitaa: fuata masomo ya namba mpaka gumba na shahada vizoee kutengana. Kisha zima simu. Sikiliza rekodi za Mwenda mwenyewe, uimbe maneno kabla ya kugusa uzi. Halafu tafuta mwendo wa endara, ile marimba ya Wanande yenye wazee wetu wanapiga wakiwa wengi, na uupe gumba kazi ya kuufuata. Pengine itatoka Masanga mbovu. Lakini itakuwa ya Butembo, na msimu ujao utapanda mbegu yako mwenyewe.